Sura ya Tano: "Niangalie Nikikuongelesha!"

Nikikutana na wazazi Cheptiret, pale njia ya Chuo Kikuu cha Moi inapoachana na barabara kuu ya Eldoret kwenda Nakuru, swali la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, atapona lini?" Nimelijibu shuleni, nje ya kanisa na hata steji nikingoja matatu. Usonji hauponi, kwa kuwa si maradhi yaliyoingia mwilini yakasubiri kutolewa. Ni namna ubongo wa mtu ulivyojengwa, na hujengeka hivyo kabla hajazaliwa.

Basi na yafuatayo tuyaache kabisa. Usonji si laana ya ukoo. Si pepo: mtoto ambaye sauti kubwa humuumiza, akishikwa mikono na miguu aombewe usiku kucha huku spika zikinguruma, hatoki na uponyaji, anatoka amejua kwamba hata mamake hawezi kumkinga. Hautokani na chanjo: makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusu watoto 12 tu, ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari Uingereza. Wala si ugonjwa wa Wazungu. Victor Lotter aliandika juu ya watoto wenye usonji katika miji ya Afrika tangu 1978. Na anayewauzia wazazi klorini dayoksaidi, kemikali ya kung'arisha karatasi, akiiita dawa ya muujiza, anawauzia sumu.

Upo pia upuuzi wa kisasa unaovaa nguo nzuri: kwamba kila mwenye usonji ana kipaji cha ajabu. Wengi hawana, kama sisi wengine. Mtoto asidaiwe hesabu za maajabu ndipo apewe heshima. Katiba ya Kenya, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu, na haikuweka sharti la kipaji.

Nilikusudia sura hii ianzie nyumbani, ipite shuleni, imalizikie kazini. Lakini siwezi kupita suala la macho.

Namjua kijana mmoja wa huku. Shuleni aliadhibiwa mara kwa mara kwa kutomtazama mwalimu usoni. "Niangalie nikikuongelesha!" Jioni, nyumbani, nyanya yake, ambaye wajukuu humwita kogo, alimsifu mbele ya wageni kwa jambo lilo hilo: huyu ana adabu, hawakazii wakubwa macho. Macho ni yale yale na mtoto ni yule yule. Sasa "kawaida" aliyodaiwa ilikuwa ya nani? Tumeazima kipimo cha kliniki za mbali, ambako kutazamana ni dalili ya uaminifu, tukakitumia kumchapia mtoto wa Uasin Gishu aliyelelewa kuinamisha kichwa mbele ya mzee.

Kijana akatafuta mbinu. Anatazama katikati ya nyusi, anahesabu hadi tatu, anahamisha macho, anarudi. Walimu wakaandika kwamba amebadilika. Siku moja akaniambia, bila kulalamika, kwamba akihesabu hasikii kinachosemwa. Mwalimu alikuwa amepata macho na kupoteza masikio. Mwaka 2017 Nouchine Hadjikhani na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu wenye usonji waliolazimika kutazama sehemu ya macho ya sura za watu, wakaona sehemu za ndani, zile zinazoamka mbele ya tishio, zikifanya kazi kupita kiasi. Kwa hiyo anayegeuza uso si jeuri wala hakosi upendo. Anajipunguzia moto ili aweze kusikiliza.

Mbinu ile sisi tunaofanya kazi hii huiita kujifunika. Mtu hukalia mikono isipunge, hujifunza lini wengine hucheka, huandaa majibu ya salamu kabla hajafika mlangoni. Watu wa nje wanaona amani. Laura Hull na wenzake kule London waliwahoji watu wazima 92 wenye usonji, matokeo yakatoka 2017, na kilichojirudia katika majibu ni uchovu: kujifunika kutwa nzima, kisha kuhitaji kukaa peke yako ili urudiwe na nafsi yako. Wengine hawakuwa na hakika tena nafsi hiyo ni ipi. Mzazi aniambiaye mtoto "yuko sawa shuleni, hulipuka nyumbani tu" ananieleza hesabu hii bila kujua. Nyumbani ndipo anapoweza kuutua mzigo.

Lakini kujikubali bila kujifunika si kuacha kufundishwa. Mtoto asiyesema apewe picha, ishara au simu ya kuongelea, na apewe mapema. Anayeogopa umati afundishwe namna ya kuomba kutoka nje. Nikipinga, napinga saa zinazoliwa na zoezi la kumfanya afanane na jirani, wakati kufunga vifungo vya shati bado hajui.

Yule kijana sasa husaidia katika duka la pembejeo la mjomba wake. Mteja akianza kuuliza mbegu, yeye husema kwanza, macho yakiwa kwenye kaunta: "Nakusikia vizuri nikiangalia chini." Wengi husema sawa, wakaendelea na kuuliza bei ya mbolea.