"MUST" NA NDUGU ZAKE



Wengi wametuuliza sisi wa darasa la mwisho: juu ya nini mwalimu wa Kiingereza anakata alama tukiandika "he cans" ao "I must to go"? Tunajibu hapa, mtihani wa serikali ungali mbele.

Kuna kikundi cha maneno yanayosaidia vitendo: "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will", "would". Hayapokei "s" kwa mtu wa tatu, hayataki "to" nyuma yake, na katika swali hayaombi "do". "She can sing." "Can she sing?" Basi. Hiyo ni ya kushika kwa kichwa tu.

Penye hatari ni "must" pamoja na kukana. Kifaransa kinatudanganya: "tu ne dois pas venir" mara nyingi ni katazo, lakini mara ingine mtu anataka kusema tu haiko lazima. Kiingereza kinatenga. "You must not come": usikuje, umekatazwa. "You do not have to come": si lazima ukuje, lakini ukipenda, karibu. Muone, Kiswahili chetu kinatenga vilevile! Basi mbele ya kuandika, pitia kwanza katika Kiswahili, Kifaransa kingoje. Fikiri mtu anayesoma juu ya sanduku la dawa "must not be given to children". Akielewa "si lazima kuwapa watoto", anaweza kumpa mtoto wake. Hapo si alama tena zinazopotea.

Kuhusu "can": sisi tunasema "ninajua kuogelea", Mfaransa "je sais nager", Mspanyola "sé nadar". Wote wanajua. Mwingereza yeye anaweza: "I can swim". Anayeandika "I know swim" ametafsiri Kifaransa neno kwa neno.

Na kwa mambo ya jana? "Must" ya lazima haina umbo la wakati uliopita, tunaazima "had to": "Yesterday we had to fetch water", jana ilitupasa kuteka maji. Lakini "they must have fetched water" ni kukisia: bila shaka wamekwisha kuteka, sababu tunaona ndoo zimejaa.

"May" na "might" zitangoja namba ijayo, kama stensili zitapatikana.