Kikopo cha mama mzee na mbio za panya

Juma lililopita, baada ya mkutano wetu, mama mmoja mzee alitoa kikopo chake cha tumbako, akanusa kidogo, kisha akatuuliza: «Nimejaribu kuacha mara nne. Mnasema sina roho ngumu. Je, ni roho kweli?» Tulinyamaza. Binti yake, mwenye mimba ya miezi mitano, naye huchota humo humo.

Tulipotafuta jibu, tulilikuta kwa panya.

Ndani ya tumbako mna nikotini. Ubongo, wa mtu na wa panya pia, una vipokezi. Tuviite kufuli ndogo sana. Mwili una ufunguo wake wa kuzifungua, lakini nikotini inafanana na ufunguo huo, basi inaingia bila kubisha hodi. Kufuli nyingine zikifunguka, ubongo hutoa dopamini, ile inayosukuma mwili kutembea na kumwambia mtu: rudia tena.

Mwaka 2008, wachunguzi wa chuo cha Caltech, huko California, Marekani, walieleza habari za panya waliobadilishwa jeni, hata kufuli za aina moja zikawa nyepesi mno kufunguka. Panya hao hawakutulia. Usiku walizunguka tu ndani ya kizimba. Walipopewa nikotini kidogo, kiasi kisichomshtua panya wa kawaida, walizidi kukimbia. Sisi tungesema ni watundu! Kumbe ni kufuli.

Kabla ya hapo, mwaka 1998, Marina Picciotto, Jean-Pierre Changeux na wenzao walieleza habari za panya waliokosa kipande kimoja cha kufuli hizo. Hao, tofauti na panya wa kawaida, hawakuendelea kujitafutia nikotini.

Mtu si panya, ni kweli. Lakini tangu sasa hatutamcheka tena mama yetu. Na kwa binti yake tulisema wazi: nikotini hupita katika kondo ikamfikia mtoto tumboni, na baadaye hupita katika maziwa. Tumbako ya kunusa nayo ina nikotini, hata kama haitoi moshi.

Binti amekubali kuacha. Mama mzee anasema asubuhi ndiyo ngumu kwake, kabla ya chai. Basi kuanzia Jumatatu wawili wetu watapita kwake mapema, na kikopo kitalala kwa mweka hazina.