Satelaiti Inaona Mto, Lakini Haionji Maji

Ukurasa huu umezoea kuwapa habari za kofia, buti na chandarua. Leo tutazame juu. Kila siku vyombo vidogo vinapita angani na kupiga picha za misitu, migodi na mito yetu. Vyombo hivyo ni satelaiti. Je, vinaweza kutukinga na maji mabaya? Vinaweza kusaidia, lakini haviwezi kufanya kazi hiyo peke yao.

SATELAITI NDOGO NI NINI?

Satelaiti kubwa ya kupiga picha za ardhi inaweza kupita kilo 1,000, na bei yake ni kubwa sana. Mwaka 1999 walimu wa vyuo vikuu viwili vya California, Marekani, walipanga kipimo kipya: kisanduku chenye sentimita 10 kila upande. Ukitaka chombo kikubwa zaidi, unaunganisha visanduku viwili, vitatu au zaidi.

Kwa kuwa kipimo ni kimoja, mafundi hawaanzi kila kitu upya. Wanachukua betri, redio, kamera na paneli za jua, wanaviunganisha, kisha wanajaribu chombo. Wanakitikisa kwa nguvu, kwa maana roketi hutikisa sana. Wanakiweka pia katika chumba kisicho na hewa, wakikipasha joto na kukipoza. Mfanyakazi wa mgodi anaelewa sababu: kifaa hukaguliwa kabla ya safari. Kikiharibika huko juu, hakuna fundi wa kukifuata.

Majirani zetu wameshaanza. Satelaiti ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilitengenezwa na mainjinia Waganda waliokuwa wakisoma Japani, ikarushwa Novemba 2022. Ile ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Kampuni ya Planet ya Marekani hutengeneza satelaiti nyingi za namna hii, kila moja yenye uzito wa kilo 5 hivi. Tarehe 15 Februari 2017 roketi moja ya India ilibeba satelaiti 104, na 88 kati yake zilikuwa za Planet.

Faida ya wingi ni hii: satelaiti moja ikipita, nyingine inafuata. Hivyo karibu ardhi yote hupigwa picha kila siku. Picha hushuka kwa redio, kompyuta huzipanga ziwe ramani, halafu huuzwa kwa serikali, makampuni na wataalamu. Mwaka 2020 serikali ya Norway ilianza kulipia picha za misitu ya nchi za joto, na msitu wa Congo ukiwamo, ili watu wazipate bure.

MFANO WA KASAI

Mwezi Julai 2021 maji machafu yalivuja kutoka mgodi wa almasi wa Catoca, Angola. Mto Tshikapa ukageuka mwekundu, samaki wakafa, na uchafu ukafika mto Kasai katika nchi yetu. Mwezi Septemba serikali yetu ilitangaza kwamba watu 12 wamekufa na zaidi ya 4,400 wameugua. Kampuni ilikubali kwamba maji yalivuja, lakini ilikana kwamba yalikuwa na sumu.

Picha za satelaiti zilionyesha njia ya maji yale mekundu kutoka juu ya mto mpaka chini. Huo ni ushahidi wenye nguvu. Lakini picha huonyesha rangi tu. Haiwezi kusema ndani ya maji mna madini gani, wala kama mna vijidudu vya kuhara. Tena kamera haioni kupitia mawingu, na sisi wa Tshopo tunajua mawingu yetu. Zipo satelaiti za rada zinazopenya mawingu, lakini nazo hazionji maji.

YANGAMBI INATUFUNDISHA

Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka Kisangani, watafiti wa INERA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wana mnara wenye urefu wa mita 55 katikati ya msitu. Mnara huo hupima hewa inayoingia na kutoka msituni. Watu pia huingia chini ya miti na kupima unene wake kwa mikono. Kwa nini, wakati satelaiti zipo? Kwa sababu kinachoonekana juu lazima kilinganishwe na kilichopimwa chini. Na maji ya mto ni vivyo hivyo.

WEWE UFANYE NINI?

1. Mto ukibadili rangi au harufu ghafla, au samaki wakielea, usichote, usioge, usimwoshe mtoto humo. Usile wala usiuze samaki waliokufa.

2. Usidanganyike kwamba kuchemsha kunatosha. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi madini. Maji yakipungua sufuriani, madini hubaki. Dawa ya klorini nayo haiyaondoi. Tafuta maji mahali pengine: kisima kilicholindwa, chemchemi, au mvua iliyokingwa vizuri.

3. Mwambie kapita, chifu na kituo cha afya siku hiyohiyo. Taja mahali, saa na rangi ya maji. Kwa habari hiyo wataalamu watajua ni picha ya siku gani waitafute, na wapi wachukue maji ya kupima.

4. Mtu akihara, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnywesha kidogo kidogo, kisha mpeleke kituoni bila kukawia.

Mjomba aliye pirogini na mama mwenye bidoni huufikia mto kila asubuhi, hata siku ya mawingu. Satelaiti ni msaidizi wao. Ukiona mto umebadilika, usingoje picha kutoka angani: weka bidoni chini, uende ukaseme.