Mlima wa Taita Haupandwi kwa Ubishi

Sisi watu wa mwambao tumezoea nchi tambarare. Mtu aliyejifunzia pikipiki Likoni, Kisauni au Malindi huijua njia iliyonyooka, huujua mchanga, na huijua matatu inayomkatia mbele bila hata salamu. Kona ya mlima haijui. Ndiyo maana, ndugu msomaji, nimeonelea nieleze jinsi sisi wanane tunavyojitayarisha kupanda Milima ya Taita mwezi ujao, Mungu akipenda. Safari ya kundi hutengenea au huharibika barazani, kabla hata injini haijawashwa.

Njia yenyewe si ndefu. Kutoka Mombasa hadi Voi ni takriban kilomita 160. Kutoka Voi unashika barabara ya Taveta kama kilomita 25 hadi Mwatate, kisha unakata mkono wa kulia na kuanza kupanda kwenda Wundanyi, kama kilomita 15 hivi. Hizo 15 za mwisho ndizo zenye maneno. Lami ipo, lakini barabara yajikunja mara huku mara kule, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na Wundanyi imepita mita 1,300. Juu zaidi kuna kilele cha Vuria, chenye mita 2,208. Huko milimani hutoka baadhi ya mboga tunazokula Mombasa, na magari yanayozibeba ndiyo tutakayopishana nayo kwenye kona hizo hizo.

AMIRI NI NANI?

Dini imetufunza kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao awe amiri. Wazee wetu wa baharini nao waliufuata mwendo huo, kwani jahazi halina manahodha wawili. Wenzangu wameniteua mimi, kwa ajili ya umri wala si kwa ufundi. Lakini amiri si lazima atangulie. Mbele tumemweka kijana wa Kitaita anayefanya kazi ya bodaboda hapa mjini, ambaye amezaliwa huko mlimani na kona zote anazijua. Nyuma kabisa atakaa fundi wetu, na mkoba wake wa spana, tyubu, pampu na waya wa klachi.

Ubishi ulizuka juu ya nafasi ya pili. Miongoni mwetu yumo mwalimu wa madrasa, mtu wa makamo, mwenye pikipiki ndogo ya cc 100. Kijana mmoja mwenye pikipiki kubwa ya cc 250 alisema mwalimu akae nyuma, na akishindwa atatukuta Wundanyi. Mimi nikasema mwalimu atakaa wa pili, na huyo kijana atamfuata.

"Ami," akaniuliza, "mimi na pikipiki hii nimfuate mtu wa baiskeli?"

Watu walicheka, lakini jambo lenyewe si la kucheka. Injini hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa hupungua. Pikipiki ndogo iliyochoka tangu Voi, ikiachwa nyuma peke yake, mwenyewe hutaka kuwafikia wenzake. Hapo huingia kwenye kona kwa mwendo asioujua. Dhaifu akikaa karibu na kiongozi, mwendo wake ndio huwa mwendo wa kundi, na hakuna mtu wa kufukuzwa.

Siku mbili baadaye mama wa kijana yule alikuja nyumbani kwangu. Ni mjane, na mtoto wake mkubwa tulimzika kwa ajali ya barabarani. Hakuja kumkataza huyu wa pili. Alikaa, akanywa chai, kisha akaniambia, "Kaka, amekuwa mtu mzima, simfungi kamba. Lakini nakukabidhi. Nirudishie kama nilivyokupa."

Sikuwa na la kujibu ila kwamba nimeipokea amana. Kijana nilimweleza maneno ya mama yake bila kuyapunguza. Alinyamaza kimya. Jioni ile nikasikia amekwenda kwa mwalimu na bisibisi zake, akamkazia mnyororo na kumbadilishia pedi za breki za mbele.

MASHARTI TULIYOYAANDIKA

Tutaondoka baada ya sala ya alfajiri, kabla malori ya bandarini hayajajaa njiani. Mapumziko ya kwanza ni Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, ambapo wasafiri wengi wamezoea kusimama. Petroli tutajaza Voi, sote, hata ambaye tangi lake halijafika nusu. Sala za mchana tutazikusanya na kuzikusuru kama wasafiri, ili asiwepo mtu wa kukimbizana na wakati.

Kwenye barabara kuu tutakwenda kwa kupishana, mmoja kushoto na mwingine kulia kidogo, kila mtu akiacha nafasi ya kuhesabu mbili au zaidi. Mlimani tutakuwa mstari mmoja, na nafasi itaongezwa. Penye njia panda kila mtu atasimama mpaka amwone wa nyuma yake.

Kwenye kona, breki hushikwa kabla ya kuingia, si ndani yake. Macho hutazama njia inakotokea, kwani pikipiki hufuata macho, na anayetazama bonde huenda bondeni. Upande wetu ni kushoto, hata kama njia yaonekana tupu, na honi hupigwa penye kona isiyoona mbele. Wakati wa kuteremka, gia iwe ndogo, injini ndiyo ishike mwendo. Breki ikikandamizwa muda mrefu hupata moto na kulegea. Ukungu ukishuka, taa ziwake na mwendo upungue, na ukizidi tutasimama pembeni, pahali pa wazi mbali na kona.

Kofia ngumu na jaketi la kung'aa ni sheria ya nchi, na asiyekuwa navyo atabaki nyumbani. Hakuna kupakia abiria. Na kubwa kuliko yote, magharibi isitukute tukiteremka.

Vijana wengine wauliza, safari yenye masharti mengi hivi ina raha gani? Nawajibu kwamba raha iko Wundanyi, kwenye baridi na chai ya moto, wanane wakikaa pamoja na wanane wakirudi. Mwenda pole hajikwai. Na kwa upande wangu, yupo mama mmoja Mombasa ambaye Jumapili ile atakuwa mlangoni akisikiliza mlio wa pikipiki.