Safari za Meli za Utalii: Je, Huduma Inalingana na Bei?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Familia nyingi za visiwani zina jamaa Uingereza, Kanada na nchi za Ghuba. Wakipanga likizo ya pamoja, wapo wanaopendekeza wiki moja kwenye meli ya utalii, kila mmoja achangie. Hapo huzuka maswali mawili: je, huduma bado inalingana na bei? Na je, inafaa kwa Muislamu?

Tuanze na bei. Nauli inayotangazwa ni mlango tu wa gharama. Kwenye meli kubwa za Kimarekani, kila abiria hukatwa bakshishi ya Dola 16 hadi 20 hivi kwa siku, na mara nyingi watoto nao hukatwa. Kwa kiwango cha Dola 18, familia ya watu wanne kwa siku saba italipa Dola 504 juu ya nauli. Intaneti, matembezi ya bandarini na baadhi ya migahawa hulipiwa mbali. Tangu safari ziliposimama mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko, makampuni kadhaa makubwa yamepunguza usafi wa vyumba kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja.

Kwa nini nauli yenyewe huonekana rahisi? Kwa sababu faida hutafutwa ndani ya meli. Mwaka 2023 kampuni ya Carnival ilipata mapato ya Dola bilioni 21.6 hivi, na zaidi ya theluthi yake haikutoka kwenye tiketi. Ndani ya fungu hilo kuna baa na kamari. Anayekunywa na kucheza kamari anaona amepata starehe nyingi kwa nauli ndogo. Muislamu analipa nauli ileile, lakini sehemu kubwa ya starehe hizo ni haramu kwake. Kwa hiyo kwetu sisi safari hiyo ni ghali kuliko inavyoonekana.

Ama hukumu yake, asili ya safari ya mapumziko ni halali. Kukata tiketi ni mkataba wa ijara, na mafakihi wamesharutisha ujira na manufaa yajulikane na pande zote mbili. Malipo yaliyoelezwa kabla ya kulipa ni sehemu ya bei: uyaridhie au uache. Yaliyofichwa ni udanganyifu, na dhambi yake ni ya aliyeficha.

Tunanasihi yafuatayo:

1. Uliza jumla ya gharama zote kwa maandishi kabla ya kutoa pesa.

2. Baadhi ya nauli hujumuisha vinywaji vya kulevya. Omba nauli isiyo na pombe. Ikikosekana, tafuta meli nyingine. AROYA ya Saudi Arabia, iliyoanza safari kutoka Jeddah Desemba 2024, haiuzi pombe.

3. Hakikisha kuna chakula cha halali. Usitosheke na kuambiwa kwamba nguruwe huwekwa kando.

4. Usikimbilie kuiondoa bakshishi hata pale inaporuhusiwa. Wahudumu wengi huitegemea, na Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

5. Swala ya faradhi huswaliwa kwa kusimama na kuelekea Qibla; meli ikigeuka, nawe geuka. Ukishindwa kusimama kwa kizunguzungu, kaa.

6. Usikope kwa riba, wala usiguse ada za watoto au matumizi ya wazazi.

La mwisho ni Hijja. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye uwezo anaweza kuichelewesha akiwa na azma ya kuitekeleza. Lakini nani ana dhamana ya umri? Aliyejaaliwa akiba ya kumfikisha Makka, na bado hajahiji, aanze na safari hiyo. Meli zitaendelea kuwepo.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.