Sonona kwa Vijana Balehe Wenye Tatizo la Haiba ya Mpakani

Sehemu hii inafafanua namna sonona inavyojitokeza kwa vijana balehe wenye tatizo la haiba ya mpakani, yaani hali ambayo hisia, mahusiano na taswira ya nafsi hukosa uthabiti. Kwa mujibu wa mwongozo wa utambuzi unaotumika Marekani, toleo la 2013, sonona kuu hutambuliwa pale dalili zinapodumu kwa majuma 2 au zaidi. Kinyume chake, huzuni itokanayo na haiba hiyo aghalabu hudumu kwa saa chache, huchochewa na hofu ya kuachwa na huambatana na hasira au hisia ya utupu. Hata hivyo, hali zote mbili huweza kumpata kijana mmoja kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo utambuzi wa upande mmoja huleta madhara. Tabibu anayeona sonona pekee huweza kutegemea dawa, ilhali kiini cha mateso kikabaki. Anayeona haiba pekee huweza kupuuza sonona inayotibika na hatari ya kujiua.

Mehlum na wenzake (2014) walichunguza vijana 77 nchini Norwe waliokuwa wakijidhuru na wenye sifa za haiba hiyo. Tiba ya majuma 19 iliyotokana na kazi ya Marsha Linehan, inayofunza kumudu hisia na kuhusisha wazazi, ilipunguza kujidhuru, mawazo ya kujiua na dalili za sonona kuliko huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kwa hiyo, hali hizi mbili zitofautishwe katika utambuzi, lakini zitibiwe kwa pamoja.