Ushanga juu ya darizi si wa kubandika

Katika nyumba zetu za pwani ukuta wa sebule husema mengi kuliko mwenye nyumba. Mgeni akiisha kukaribishwa na kuketi, macho yake hupanda juu yenyewe, na huko hukuta Al-Kaaba ya uzi mweusi na dhahabu, au Bismillahi iliyodariziwa juu ya kitambaa cheupe na kutiwa fremu. Siku hizi kazi hizo hazitoshi kwa uzi peke yake. Mabinti wa Mombasa, Malindi na Lamu wazitia na shanga, zipate kumetameta taa inapowashwa. Nami, niliye mtu wa kalamu, nimekaa na washonaji kiasi cha kutosha kuweza kusema haya: shanga hizo, nyingi zao, hazikai. Baada ya mwaka mmoja utaona hapa pengo, pale uzi unaning'inia. Na pengo hilo likiwa mahali pa nukta ya herufi, hapo kilichopotea si pambo tu.

Ushanga wenyewe si mgeni kwetu. Katika kisiwa cha Pate liko gofu la mji wa kale uitwao Shanga, ambao Mark Horton na wenzake walianza kuuchimbua mwaka 1980, wakakuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti, ya kale zaidi ukiwa wa karne ya 8. Miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa humo ni shanga za kioo. Sisemi kwamba jina la mji latokana na shanga. Waliohitilafiana juu ya hilo ni wengi, nami siwaingilii. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilichukua shanga mafurushi kwa mafurushi, na ole wake tajiri aliyechukua rangi ambayo msimu huo haitakikani huko aendako. Samesame nyekundu, kwa mfano, palikuwa na mahali ikipendwa kama chakula.

Lakini hizo zote zilikuwa shanga za kutunga. Kutunga ni jambo moja na kudarizi kwa ushanga ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika kutunga, uzi mmoja huchukua chembe zote, nazo husukumana na kuegemeana kama abiria wa matatu. Katika darizi kila chembe ina kijumba chake, na kijumba hakina mpangaji wa pili. Wanawake wa Ulaya walilijua hilo zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 vilianza kuchapishwa Berlin vielelezo vya mirabaraba vya kufuatwa kwa hesabu, na kufikia katikati ya karne hiyo walikwisha kuanza kujaza maua na majani kwa shanga nyeupe, nyeusi na kijivu, kila moja juu ya mshono wake.

Mshono wenyewe ni ule unaoitwa mshono wa msalaba: nyuzi mbili zinazopitana katika kijumba kimoja. Wapo wazee wasiolipenda jina hilo, na nimesikia mmoja akimkataza mjukuu wake asidarizi Bismillahi kwa mshono wa namna hiyo. Mimi naona mshono hauna dini. Wapalestina, ambao darizi yao iliingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha ya turathi za wanadamu, wanapambia nguo za mama zao kwa mshono huu huu, nao huuita wa fallahi, yaani wa wakulima. Wanawake wa Kibedui wa Sinai waliutia hata katika barakoa zao, kisha wakatundika sarafu na shanga juu yake. Anayechukia jina na auite mshono wa mkasi, uzi hautajali.

Sasa tuje kwenye sindano. Kitambaa cha kazi hii kimefumwa vijumba vilivyo sawasawa. Kilicho maarufu ni kile chenye vijumba 14 katika inchi moja, maana yake kila kijumba ni kama milimita 1.8. Shanga ndogo za kioo huuzwa kwa nambari, na nambari ikizidi ukubwa, chembe hupungua. Nambari 11, yenye upana wa kama milimita 2, ndiyo inayokaa vyema juu ya kitambaa hicho. Mwenye kitambaa cha vijumba 18 kwa inchi akiing'ang'ania nambari hiyo hiyo ataziona shanga zikipigana mabega na kitambaa kikijikunja. Huyo na atafute nambari 15. Sindano ya kawaida ya darizi haifai, kwani jicho lake ni nene na halipenyi tundu la ushanga. Iko sindano nyembamba ya shanga, ya nambari 10 au iliyo nyembamba zaidi, ipindayo upesi na kumchoma asiye makini.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni nusu mshono: sindano yatoka pembe ya chini kushoto, yavaa ushanga, yashuka pembe ya juu kulia. Ni njia ya haraka, nayo yafaa panapojazwa shanga tupu zilizobanana, maana hapo zashikana zenyewe kwa zenyewe. Lakini ushanga wa nusu mshono ukiwa peke yake hulala upande, na wa jirani hulala upande mwingine, ukadhani safu nzima imelewa. Ya pili ni mshono kamili. Uzi uwe wa nyuzi mbili; mwendo wa kwanza wachukua ushanga, na mwendo wa pili, unaokatiza, nyuzi zile hugawanywa, mmoja upite upande huu wa ushanga na mmoja upande ule, kisha zishuke pamoja. Hapo ushanga husimama wima kama uliofungwa mshipi. Mimi, lau ningeulizwa, ningependelea hii ya pili kila penye herufi.

Faida yake niliishuhudia kwa macho. Nilialikwa walima katika nyumba moja ya Mji wa Kale, na katika kungoja pilau macho yangu yakapanda ukutani kama ada. Palikuwa na Bismillahi kubwa ya uzi wa kijani, iliyonunuliwa kwa mchuuzi, nukta zake zikiwa za shanga za dhahabu. Msomaji aliyekaa chuoni ajua kwamba Bismillahi nzima ina nukta nne: moja ya be, moja ya nuni katika Rahman, na mbili za ye katika Rahim. Nilihesabu tano. Nikarudia. Mshonaji, ambaye bila shaka alikuwa akifuata kielelezo bila kujua kusoma, aliona nafasi tupu chini ya ha ya Rahim, akaizibia ushanga mmoja mzuri. Na ha ikitiwa nukta chini hugeuka kuwa jimu. Mwingi wa rehema amekuwa Rajim, na msomaji ajua neno hilo ni sifa ya nani.

Pilau ililetwa, ikanishinda. Baada ya watu kutawanyika nilimwendea mama wa nyumba hiyo, mtu mzima aliyenizidi miaka ishirini au zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hukula?"

Nikamnong'oneza. Alivaa miwani, akasogea ukutani, akasoma kwa kidole. "Astaghfirullah," alisema, "miaka miwili twasali mbele ya hii!" Pale pale akaishusha, akaitoa kwenye fremu, akataka mkasi mdogo. Alikata uzi mmoja, wa ule ushanga wa tano. Basi kumbe shanga zote za upande ule zilishonwa kwa uzi mmoja mrefu, kutoka ukingoni mpaka ukingoni, bila fundo hata moja njiani. Zilimwagika kama mchele uliopasukiwa na gunia. Ziliondoka nukta mbili za ye, likaondoka na ua zima la pembeni, nyingine zikaishia katika sahani ya halua. Yeye hakukasirika. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Aliyeshona hii alikuwa akitunga kidani."

Mwenyewe alikuwa fundi wa kofia ujanani, na nilipomtembelea wiki iliyofuata nilimkuta ameketi dirishani akiirudia kazi. Kila nukta aliipa uzi wake, ameuanza kwa kitanzi na kuumaliza kwa fundo chini ya mishono ya nyuma. Palipo na ua, alipiga fundo kila baada ya shanga nne au tano. Uzi aliupitisha kwanza kwenye kipande cha nta, kwa kuwa midomo ya ushanga wa kioo ina makali na uzi mkavu hukatwa taratibu kila kitambaa kinapotikiswa. Nilimuuliza kuhusu uzi wa nailoni, ambao vijana wausifu. Alisema una nguvu ila ni mtelezi, fundo lake hufunguka lenyewe, na ukipigwa na jua la dirishani siku nyingi hukatika kama ukucha. Uzi wa pamba wa rangi ya kitambaa wamtosha.

Jambo jingine aliloshikilia ni kwamba ushanga huja mwisho. Kwanza mishono yote imalizike, kitambaa kifuliwe kiondoke jasho la mikono, kipigwe pasi, ndipo shanga zitiwe. Anayezitia katikati ya kazi huja kuzibana na fremu ya duara, zikavunjika au zikatoboa kitambaa, na uzi wa mishono inayofuata ukawa unazinasa kila dakika.

Kuhusu shanga zenyewe, jihadhari na plastiki. Duka moja la mjini liliniuzia pakiti yenye neno kioo juu yake, na ndani hamna kioo. Kioo huwa baridi ukikigusisha menoni, plastiki haina baridi. Zilizo sawa kwa ukubwa ni za Japani, za Miyuki na Toho, makampuni ya mkoa wa Hiroshima. Ghali, lakini huhitaji kuchambua. Zenye fedha ndani ya tundu hung'aa sana zikiwa mpya, ila hewa yetu ya chumvi huzitia weusi. Na hivi vijiwe vya kubandika kwa gundi, vinavyokuja na kielelezo cha Ayatul Kursi tayari, sivihesabu humu. Ile ni karatasi iliyopambwa. Joto la mwezi wa Februari likiingia, gundi hulia na herufi hushuka.

Nimeona pia misala iliyotiwa shanga, nyingine mpaka mahali pa kusujudia. Hapa sitaficha maoni yangu. Aliyewahi kuweka paji la uso juu ya kioo cha nambari 11 hana haja ya hoja nyingine. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali akiwa amejifunika nguo yenye nakshi, na alipomaliza akaagiza ipelekwe kwa Abu Jahm, aletewe iliyo wazi badala yake, kwa kuwa nakshi ilimshughulisha. Shanga na zipande ukutani. Chini ya paji la uso hazina kazi.

Nasaha zangu kwa wanunuzi ni fupi. Kitambaa cha sentimita 30 kwa 20, cha vijumba 14, kina vijumba zaidi ya 18,000. Sehemu ya sentimita 10 kwa 10 ikijazwa shanga hutaka zaidi ya 3,000, kila moja ikiokotwa kwa ncha ya sindano. Wachuuzi wetu hulipa kwa kupima fremu kwa mkono, kubwa bei hii, ndogo bei ile, na binti aliyepiga fundo kila baada ya shanga nne hulipwa sawa na aliyepitisha uzi mmoja mpaka mwisho. Ndiyo sababu huyu wa pili ana oda nyingi. Mnunuzi na aigeuze kazi, aangalie mgongo wake, kabla hajauliza bei.

Kufua si kugumu. Maji baridi, sabuni laini, usikamue. Kizungushe kitambaa ndani ya taulo kinyonywe, kianikwe kivulini. Pasi ipigwe kwa nyuma, uso wa shanga ukiwa umelala juu ya taulo nene, na kama ni plastiki usiisogeze kabisa. Katika fremu, kioo kisizikandamize shanga. Pawekwe vijiti vyembamba pembezoni vya kukiinua. Yule mama alitia shanga kumi za akiba katika kijifuko cha kitambaa nyuma ya fremu, za pakiti ile ile, na juu yake akaandika nambari na rangi kwa kalamu ya risasi, kwa khati ya Kiarabu.